Mama na gurudumu la Edinburgh

Leo nimempeleka mama kwenye soko la Krismasi pale Princes Street Gardens, Edinburgh, Uskoti. Ni siku yake ya tatu tangu atoke Tanga.

Saa kumi kasoro jua limeshazama! Taa zikawaka, ngome ikabaki juu ya mwamba wake kama inaelea.

Kwenye foleni ya gurudumu kubwa la kupandisha watu juu, kando ya mnara wa kumbukumbu ya mwandishi Walter Scott, nikamnunulia chokoleti ya moto. Hakuinywa. Alikikumbatia kikombe kwa viganja viwili, mvuke ukimpanda usoni, pindo la kanga likichungulia chini ya koti.

Kule juu akanishika mkono.

“Mwanangu, laiti baba yako angeyaona haya.”

Nilishindwa kujibu.

Mliowahi kutembelewa na wazazi ugenini, mliwapeleka wapi? Niambieni, kesho bado tupo.