Wana wadogo wa Ureno na nyumba ya Kibokoni

Wanafunzi wangu wakiingia Fort Jesus, ngome ya Wareno pale Mombasa, hukimbilia mizinga. Mimi huwavuta kwanza kwenye ile michoro ya ukutani waliyoiacha Wareno, meli na watu, nikawauliza: hawa walifuata nini huku kwenye joto na homa?

Kwa mabwana waliowaongoza, sehemu kubwa ya jibu ni mirathi. Mwaka 1434 Mfalme Duarte wa Ureno alitoa sheria kwamba ardhi aliyopewa kabaila na ufalme isikatwe vipande. Imwendee mwana mkubwa wa halali peke yake. Wadogo zake je? Joho la padri, au upanga: Morocco kwanza, baadaye India, na pwani yetu ikawa njiani. Dada zao nao, kuozwa kwa mtu wa cheo kulimtoa baba mali nyingi, ilhali nyumba ya watawa ilidai kidogo. Watafiti waliopekua nasaba za makabaila hao walikuta wakubwa wakizaa zaidi, ukitia na watoto wa nje, na wadogo wakifia vitani.

Ni ukatili, lakini hesabu inaingia. Ukimpima kabaila kwa idadi ya wajukuu, kama wanabiolojia wanavyopima kiumbe chochote, mwana mmoja mwenye mali yote alimfaa kuliko watatu wenye vipandevipande. Binti wa nyumba ya juu kabisa ndiye aliyekwama, maana juu yake hapakuwa na wa kumwoa.

Na mwenye Ngome? Ilianza kujengwa 1593, Felipe wa Pili wa Hispania akitawala Ureno pia. Huyo alikuwa amemwoa Anna, binti wa dada yake. Ukoo ukaendelea kuozana wenyewe kwa wenyewe hadi Carlos wa Pili wa Hispania, ambaye baba yake naye alioa mpwa wake. Carlos akafa 1700 bila mtoto, na taji likaenda kwa mjukuu wa mfalme wa Ufaransa.

Nilipomsimulia bibi yangu hayo ya mpwa alisema astaghfirullah, kisha akauliza: "Na nyumba alirithi nani?"

Yeye aliolewa na mtoto wa ami yake, na nyumba yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Kwetu sharia hugawa, haimpi mmoja. Mtu akiacha mke, wana wawili na binti mmoja, nyumba inakatwa mafungu 40: mke 5, kila mwana 14, binti 7. Binti akiolewa mbali, yale 7 yatarithiwa na watoto wa ukoo mwingine, na baada ya miaka mnagombania ngazi na kisima na watu baki. Wazee wakaona bora saba zirudi kwa mtoto wa ami. Wengine waliweka wakfu ili pasiuzwe hata tofali. Nilipomuuliza bibi kama alimpenda babu, alinikata: "Mapenzi yepi, we! Nyumba ingeliwa."

Haikuliwa, ila sasa warithi ni wengi kuliko vyumba, na hakuna anayetaka kulipia paa linalovuja. Binti yangu anaolewa Desemba na kijana wa Nakuru, mpole, fundi wa umeme. Kaka zangu hawajaniuliza hata jina lake. Wanachotaka kujua ni kama fungu langu nitawauzia wao, na kwa bei gani.