DHCP iko tabaka gani?

Dogo mmoja anayejifunza kazi ofisini kwetu kaniuliza leo: kama DHCP ndiyo inayoipa kompyuta anwani ya IP, mbona vitabu, vinapogawa kazi za mtandao kwa tabaka, vinaiweka tabaka la juu kabisa, la programu? Swali tamu hilo. Tukafungua Wireshark, programu ya kuchungulia pakiti za mtandao, tukachomoa waya na kuurudisha. Pakiti ya kwanza hiyo hapo: imetoka 0.0.0.0 kwenda 255.255.255.255, ndani ya UDP (itifaki ya usafirishaji inayopanda juu ya IP), poti 68 kwenda 67. Yaani mashine haina anwani bado, lakini tayari inasafiria IP! Ni mgeni anayepiga hodi mtaa mzima, yeyote mwenye nafasi aitikie.

Zamani itifaki iitwayo RARP ilifanya kazi hiyo ya kugawa anwani chini kabisa, juu ya Etherneti tupu. Haikuvuka ruta, kwa hiyo kila mtandao ulidai seva yake. BOOTP ya 1985 ikaipandisha kazi juu ya UDP, DHCP ikairithi, na ruta ikaweza kupeleka maombi hadi seva ya mbali.

Kwangu mimi, itifaki huwekwa tabaka kwa kile inachopanda, si kwa kile inachokitengeneza. Dogo hajakubali. Kesho anataka tuchambue ARP, itifaki inayotafuta anwani ya kadi ya mtandao (MAC) ya mwenye IP fulani, na hiyo hata wakongwe wa mitandao hawajaelewana pa kuiweka.