Mtoto wa pili anasubiri mkataba

Leo mchana Mama ameuliza tena, sote tukiwa mkekani tunakula: huyu mtoto atapata mdogo wake lini? Kaka akainamia sahani. Wifi yangu yuko Riyadh, mkataba wa pili wa miaka miwili. Mjomba akadakia kwamba wasichana wa siku hizi hawataki kuzaa, wanataka pesa tu. Sikumjibu mbele ya watu, lakini maneno yake yamenikaa rohoni hadi usiku huu.

Hawa wawili walitaka watoto watatu. Wote walikuwa na kazi hotelini Diani, kaka jikoni, wifi vyumbani. Ikaja corona. Kenya ilipokea watalii zaidi ya milioni 2 mwaka 2019. Mwaka 2020 hawakufika hata laki 6. Wakapewa likizo bila malipo, likizo ikageuka kuachishwa kazi. Kaka akachukua bodaboda ya mtu. Wifi akaenda kwa ajenti.

Kabla ya safari alipimwa afya, kipimo cha mimba kikiwemo. Ukikutwa na mimba, safari ndiyo imekwisha. Kwa hiyo walikuwa wamekwisha kujizuia miezi mingi kabla hajapanda ndege. Baada ya hapo mume yuko Ukunda, mke yuko Saudia; mtoto atatoka wapi?

Najua uzazi umepungua kwa sababu njema pia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8. Utafiti wa mwaka 2022 ulipata 3.4. Shule na uzazi wa mpango vimefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, nami nashukuru. Ila kuchagua kuzaa wawili ni jambo moja, na kunyimwa nafasi ya kumpata wa pili ni jambo jingine kabisa.

Wala si kwetu tu. Uhispania ilipoporomoka kiuchumi, ukosefu wa ajira ulipita asilimia 26 mwaka 2013, na wastani wa watoto kwa mwanamke ukashuka kutoka 1.44 mwaka 2008 hadi 1.27. Vijana wakahamia Ujerumani na Uingereza, wahamiaji wa Ekuado wakarudi kwao. Wanaoondoka siku zote ni wale wale wenye umri wa kuzaa.

Kinachonitisha zaidi ni Marekani. Mwaka 2007 walizaliwa watoto milioni 4.3. Mdororo ukaja, watu wakasema tungoje kwanza. Uchumi ukainuka, ajira zikarudi, lakini mwaka 2023 walizaliwa kama milioni 3.6 tu. Sababu ni nyingi, najua, lakini wapo ambao kungoja kwao kuligeuka kukosa. Wifi atamaliza mkataba huu akiwa na miaka 36, na ajenti ameshamtajia wa tatu.

Watalii wamerudi, karibu milioni 2.4 mwaka 2024. Kaka naye ameitwa jikoni, lakini kama kibarua: msimu ukiisha, anarudi kwenye bodaboda. Wifi ameniambia kwa simu kwamba kaka akipata ajira ya kudumu, hata mshahara ukiwa mdogo, hatatia saini mkataba mwingine. Hilo ndilo analosubiri, na Mjomba hakuwahi kumuuliza.