Masikio ya sufuria: nilivyochagua modeli ya bati la alumini

Masikio ninayoyasema si ya kushikia. Ni yale mawimbi manne yanayojitokeza mdomoni bati la alumini likishasukumwa na panchi (chuma cha kusukumia) ndani ya dai (kalibu lenye tundu) ili liwe sufuria, ambayo fundi wa hapa Ngamiani, Tanga, huyakata na kuyatupa kwenye chakavu. Nilitaka kompyuta iyaone kabla bati halijakatwa: sahani ya kipenyo cha mm 300, unene mm 1.

Nilianza na von Mises, kanuni rahisi ya kukisia ni lini chuma kinaanza kulegea. Inataka mchoro mmoja tu wa mkazo dhidi ya kurefuka, inakwenda haraka, na nguvu ya panchi inaikisia vizuri. Ila kwake bati ni lilelile kila upande, kwa hiyo mdomo unatoka sawasawa bila mawimbi, hata meshi (vigae vidogo ambavyo kompyuta huligawa bati) uisage vipi. Masikio chanzo chake ni punje, yaani fuwele ndogondogo zinazounda alumini: roli za kiwandani huzilaza fuwele kwa mielekeo fulani, na fuwele ya alumini huteleza kwa mifumo 12 tu.

Kuigiza kila punje? Zikiwa za mm 0.05, sahani hiyo ina zaidi ya milioni 500. Haiwezekani. Bahati ni kwamba unene unabeba punje kama 20, hivyo wastani unatosha.

Nikaenda kwa Hill ya 1948, kanuni inayokubali bati litofautiane kwa mwelekeo. Kata vipande vitatu: sambamba na mwelekeo wa roli, nyuzi 45, na nyuzi 90. Vuta kila kimoja kirefuke kama 10%, kabla hakijafanya kiuno (kusinyaa sehemu moja). Pima urefu na upana. Unene ukokotoe kwa ujazo usiobadilika, maana kosa dogo la mikrometa kwenye mm 1 linaharibu kila kitu. Thamani ya r ni logi ya uwiano wa upana mpya kwa wa awali, kugawa logi ya uwiano wa unene mpya kwa wa awali. Tuseme kwa nyuzi 0, 45 na 90 umepata 0.6, 0.9 na 0.7; tofauti ya r kati ya pande ni (0.6 + 0.7 − 2×0.9)/2 = −0.25. Ni hasi, masikio yatasimama kwenye nyuzi 45.

Kosa baya: kuelekeza mhimili wa nyenzo (upande ambao programu inauhesabu kuwa nyuzi 0) kwenye nusu kipenyo badala ya mwelekeo wa roli. Hesabu inaisha bila onyo, na masikio yanapotea.

Hill ina udhaifu: r ikiwa chini ya 1, hupunja mkazo wa kuvutwa pande mbili. Yld2000-2d, kanuni mpya zaidi ya aina hiyo, ni bora, lakini ina vigezo 8 na inadai jaribio la pande mbili, ambalo mashine yake sina. Hapo ndipo modeli ya fuwele, inayohesabu mteleko wa kila punje, ilinifaa: mchemraba wa elementi 10×10×10, kila moja punje yake, na ugumu wa fuwele ya alumini kabla ya kulegea ukiwa C11 = 107, C12 = 61, C44 = 28 GPa. Ukinzani wa kuteleza uanzie kwenye mkazo wa kuanza kulegea ugawe kwa 3.06, kisha urekebishe mpaka mchoro ulingane na wa kipande kilichovutwa. Halafu vuta mchemraba pande mbili, badala ya lile jaribio nisiloliweza. Mielekeo iwe iliyopimwa kwa eksirei. Ya kubahatisha itakupa r karibu na 1 kila upande, yaani umerudi kwa Mises kwa gharama kubwa. Kagua pia kama programu inataka digrii au radiani. Kipeo cha mteleko, kinachoamua mteleko unavyoongezeka mkazo ukipanda, nilikiacha 20. Kwenye 100 hatua za muda zinakatikakatika, na umeme ukizimika katikati unaanza upya.