Moshi na watoto watatu na bibi yao: hoteli niliipata kwa simu

Likizo ya mwezi wa sita watoto wangu walitaka maji. Kunduchi Wet 'n' Wild walishaenda, zile slaidi wanazijua ipi inatisha na ipi ya kitoto, sasa mkubwa wangu wa miaka 11 kaona klipu ya Chemka, chemchemi ya kule upande wa Moshi, watu wanadandia kamba wanajirusha kwenye maji ya bluu, basi nyumba nzima ikawa Chemka Chemka asubuhi mpaka usiku. Mama mkwe akasikia akasema kama ni Moshi na mimi nipo. Hapo kazi ikaanza, maana sasa nina wa miaka 11, wa 7, wa 3 na bibi yao mwenye shida ya magoti, na siku 3 za kulala.

Hoteli ilinichukua wiki 2 nzima. Mume wangu alitaka tulale jirani kabisa na Chemka, na hoja yake ilikua na maana, kama tumefuata maji tulale kwenye maji. Mimi nikamwambia pale tutakaa masaa 4, tukizidi sana 5, yale masaa mengine yote ni hoteli. Mtoto wa miaka 3 atalala garini hata uendeshe saa zima, ila akikosa maji ya moto saa 12 jioni hamlali mtu. Na Moshi mwezi wa sita na wa saba kuna baridi jamani, watu wa Dar huwa hatuamini mpaka tufike. Kila hoteli niliyoifungua kwenye simu picha ya kwanza ni bwawa, bwawa zuri kweli, lakini bwawa ambalo halipashwi moto kwa msimu ule mtoto anaingiza mguu anautoa, kwahiyo unalipia kitu cha kuangalia.

Nikaacha picha nikaanza kupiga simu. Nilipiga sehemu 9. Nauliza chumba cha chini kipo, heater ni ya umeme au sola na umeme ukikatika inakuaje, kitanda cha tatu ni kitanda kweli au godoro la chini, wa miaka 7 analipiwa, jikoni wanaweza kutoa chakula cha watoto mapema bila kusubiri saa 2 usiku. Wengi jibu lao lilikua moja, kila kitu kipo mama karibu sana. Sasa kuna nyumba moja ya wageni mtaa wa Shanty Town hapo Moshi, kaka wa mapokezi nilipomuuliza ngazi akasema subiri dada nikahesabu nitakupigia, na akapiga kweli. Ngazi 2 tu toka gari linapopaki mpaka mlangoni, heater za umeme ila jenereta ipo, vyumba 2 vina mlango wa kupitia ndani, kitanda cha tatu kipo ila kifupi, huyo wa miaka 11 miguu itatokeza nje. Hiyo ya miguu ndo ilinifanya nitume advansi siku ileile. Mtu anaekwambia kasoro ya kitanda chake kabla hujalipa huyo unaweza kumpelekea mama mkwe. Ilikua 90,000 kwa chumba na chai ya asubuhi, kuna sehemu za bei ndogo zaidi na sijutii hata shilingi.

Tulitaka kupanda treni, ile ya Dar Moshi iliyorudi 2019 baada ya kusimama miaka mingi, watoto wangefurahi kulala wakisafiri ila siku zake hazikuendana na ruhusa ya baba yao ya kazini, tukapanda basi la alfajiri. Chalinze, Segera, Korogwe na mikonge yake, machungwa dirishani, afu toka Mombo milima inaanza kukusindikiza mpaka Same, bibi anamuonyesha wa kati huku ndo Upareni, tangawizi unayokunywa nyumbani inatoka huko juu. Tukafika Moshi jioni wote tumechoka. Kaka wa mapokezi alikua ameshawasha heater. "Shikamoo bibi, pole na safari." Bibi akamjibu "marahaba mjukuu wangu" akapita ngazi zake 2 mwenyewe bila kushikwa mkono, nikamwangalia mume wangu nae akaniangalia.

Chemka tulienda kesho yake na noah ya kukodi. Unafuata barabara ya Arusha mpaka Boma Ng'ombe, hapo unaiacha lami, vumbi linaanza na mashimo, unajiuliza hivi kweli huku kuna maji, nchi kavu kabisa, ghafla unaona kijani. Mikuyu mikubwa mizizi imeshuka mpaka ndani ya maji, na maji unaona mpaka chini. Wageni wanayaita ya moto lakini ni vuguvugu tu, mazuri mno. Samaki wadogo wanadonoa miguu, wa miaka 3 alilia kidogo afu akagoma kutoka. Ila wazazi nisikilizeni, pale pana kina, wa miaka 7 hakuingia bila boya na baba yake alikua ndani ya maji muda wote, mkubwa aliruka na kamba mpaka sauti ikamkauka. Kurudi wote 3 wamelala garini kama nilivyosema, tumefika, maji ya moto, chakula saa 12 na nusu, saa 2 kimya.

Siku ya pili mume wangu na wakubwa wakaenda Materuni kuona maporomoko na kutwanga kahawa, kule kuna kutembea mlimani, kwa magoti ya bibi haiwezekani. Nilikua na hofu atajisikia kaachwa. Kumbe mama wa jikoni kamkuta amekaa bustanini kajifunika kanga 2, akamuuliza unapenda mtori, wakaishia wanamenya ndizi pamoja wanapiga stori za uzazi wao mpaka mchana, mdogo anakimbizana na kuku. Mimi nikashuka Memorial kununua masweta ya mtumba, maana niliyobeba toka Dar yalikua mepesi. Jioni wale wametoka na matope mpaka magotini wamekuta mtori bado wa moto.

Asubuhi ya kuondoka mlima ulijifunua, siku zote 2 ulikua umejifunika mawingu. Bibi alikua barazani na blanketi na mjukuu mdogo mapajani, Kibo yote iko wazi, hasemi kitu. Wakati tunapakia mabegi akamuuliza yule kaka, Desemba kuna nafasi? Kaka akasema bibi Desemba watu wote wanarudi nyumbani, wenyewe wenye mji wanajaza, mtu akitaka vyumba vya chini aseme sasa hivi. Bibi hakunijibu nilipomwambia tutaangalia tukifika Dar. Basi lilikua halijafika hata Himo nikamtumia kaka advansi.