VLOOKUP inaleta #N/A? Kagua data kwanza kabla hujagusa fomula

Kuna swali naulizwa sana na watu wanaofanya kazi na Excel na linakuja karibu kwa maneno yaleyale, fomula yangu ya VLOOKUP (ile inayotafuta kitu kwenye orodha na kukuletea taarifa yake) iko sawa, nimeikagua mara mbili mbili, mbona inaleta #N/A, yaani haijapatikana? Na mara nyingi ni kweli kabisa, fomula haina shida. Mtu anakaa anaifuta, anaiandika upya, anakopi nyingine kutoka mtandaoni, kumbe tatizo limekaa kwenye data na kwa macho halionekani. Inaniuma kuona watu wanaacha kazi nzuri katikati kwa kitu kinachopimika ndani ya dakika moja.

Tuseme una shiti mbili. Mauzo, ambayo kolamu A ina namba za bidhaa, na Bidhaa, yenye namba, jina na bei. Kwenye Mauzo unaandika =VLOOKUP(A2,Bidhaa!A2:C300,3,FALSE) ukitegemea ilete bei, ambayo iko kolamu ya 3 ya eneo hilo, inaleta #N/A. Unaenda Bidhaa, unaiona 1045 ile pale kwenye A7, haijajificha wala nini. Sasa hapo usiguse fomula. Rudi Mauzo, tafuta seli tupu, andika =A2=Bidhaa!A7 halafu enter. Ikijibu FALSE basi umepata jibu lako: wewe unaona namba mbili zinafanana, Excel inaona vitu viwili tofauti, na VLOOKUP ilikuwa inakwambia ukweli muda wote.

Tofauti yenyewe kwa kawaida ni moja kati ya mbili. Ya kwanza, 1045 moja ni namba na nyingine ni maandishi. Kama hakuna aliyebadilisha mpangilio, namba inalala kulia mwa seli na maandishi yanalala kushoto, ila usitegemee hilo peke yake, andika =ISNUMBER(A2) na =ISNUMBER(Bidhaa!A7) uone kama majibu yanalingana. Hii inatokea sana data ikitoka kwenye mfumo mwingine. Na kubadilisha fomati ya seli kuwa Number peke yake hakusaidii, yaliyokuwa maandishi yanabaki maandishi mpaka uyageuze, kwahiyo chagua kolamu nzima, nenda Data, Text to Columns, bonyeza Finish moja kwa moja, basi. Lakini tafadhali, kama namba zako zinaanza na sifuri, au ni ndefu kupita tarakimu 15, fanya kinyume chake, ziweke pande zote mbili kama maandishi tangu mwanzo, maana Excel inakula sifuri za mbele na tarakimu za baada ya ile ya 15 inazigeuza sifuri na hazirudi.

Ya pili ni nafasi zilizojificha. =LEN(A2) inatakiwa ijibu 4 kwa 1045, ikijibu 5 ujue kuna mgeni humo ndani. TRIM inaondoa nafasi za kawaida za mbele na nyuma, ila data iliyokopiwa kwenye kurasa za wavuti inakuja na nafasi ya aina nyingine ambayo TRIM haiigusi, hiyo unaitoa kwa =SUBSTITUTE(A2,CHAR(160),""). Watu wengi wanaishia TRIM, wanaona imegoma, wanakata tamaa hapo.

Ikiwa lile jaribio la mwanzo, =A2=Bidhaa!A7, limejibu TRUE, sasa ndo urudi kwenye fomula, na kitu cha kwanza kuangalia ni alama za dola. Ile Bidhaa!A2:C300 ukiivuta chini inakuwa A3:C301, kisha A4:C302, yaani mistari ya juu ya Bidhaa inadondoka mmoja mmoja, ndo maana fomula inafanya kazi mwanzoni halafu huko chini #N/A zinaanza kutokea hapa na pale. Iandike Bidhaa!$A$2:$C$300 (bonyeza F4 ukiwa umechagua eneo hilo ndani ya fomula). Na shiti yenye jina la maneno mawili inataka alama za nukuu moja, 'Bei Mpya'!$A$2:$C$300.

Mimi #N/A hainitishi, inakwambia wazi kuna shida. Kinachonitisha ni jibu baya lililokaa kimya. Ukisahau ile FALSE ya mwisho, VLOOKUP inachukua kwamba kolamu imepangwa kuanzia ndogo kwenda kubwa na inatafuta kinachokaribia, kwahiyo inaweza kukupa bei ya bidhaa nyingine kabisa na hakuna rangi nyekundu wala onyo. Vilevile ile 3, namba ya kolamu: mwenzako akiingiza kolamu mpya katikati ya Bidhaa, eneo linapanuka lenyewe lakini 3 inabaki 3, na ulichokuwa unaita bei sasa ni kitu kingine. Hapo ndo napenda kuunganisha INDEX na MATCH, MATCH inatafuta mstari na INDEX inaleta kilichopo kwenye mstari huo, =INDEX(Bidhaa!$C$2:$C$300,MATCH(A2,Bidhaa!$A$2:$A$300,0)) maana inaifuata kolamu yenyewe popote itakaposogea, na ile 0 usiiache, bila hiyo MATCH nayo inatafuta kinachokaribia. XLOOKUP, fomula mpya zaidi ya kazi hiyohiyo, ni rahisi zaidi na yenyewe inatafuta kinacholingana kabisa bila kuambiwa, ila Excel 2016 na 2019 hazina, ukimtumia faili mtu mwenye hizo anaweza kukutana na #NAME?, yaani Excel yake haiijui fomula hiyo.

Kuhusu IFERROR, ile inayoweka kitu unachotaka wewe badala ya kosa, mara nyingi "" yaani seli tupu, nina msimamo mkali kidogo. Usiiweke mpaka uwe umeshajua kwanini kosa linatokea, kwasababu inafunika kila kitu, hata #REF! ya shiti iliyofutwa utaiona kama seli tupu na jumla yako itakuwa pungufu bila wewe kujua. Kama unataka tu kuficha zile ambazo kweli hazipo kwenye orodha, tumia IFNA, yenyewe inakamata #N/A peke yake na makosa mengine inayaacha yaonekane, na badala ya "" andika "haipo" ili ukichuja kolamu uzipate zote kwa pamoja.