Muda ukigoma kwenye UPPAAL

Modeli ya mfumo wa wakati halisi (unaotakiwa kujibu ndani ya muda uliopangwa) ikikwama kwenye UPPAAL, programu ya kuhakiki modeli za aina hiyo, kagua saa kwanza, mantiki baadaye. Chukua kidhibiti cha pampu: kinapokea ishara, kinarudisha saa x kwenye 0, kisha kinatakiwa kufungua vali kati ya vizio 3 na 5 vya muda. Wengi huandika x>=3 && x<=5 kwenye mshale wa mpito (unaotoka hali moja kwenda nyingine), wakaona kazi imekwisha. Lakini sharti la mpito (guard) hutoa ruhusa tu, halilazimishi. Modeli hiyo inaweza kukaa hadi x ipite 5, na hapo vali haifunguki tena. Kinacholazimisha ni sharti la hali (invariant), ambalo lazima liwe kweli muda wote modeli iko kwenye hali hiyo: weka x<=5 kwenye hali ya kusubiri, ubakize x>=3 kwenye mshale.

Kosa hili hujificha wakati wa kuigiza kwa sababu anayebofya ni wewe, na unabofya mpito unaoutarajia. Kwa hiyo usifuate majina ya hali peke yake. Soma mipaka ya saa inayoonyeshwa na kiigizaji. Ukiona x>=0 bila kikomo cha juu, sharti la hali halipo. Kwenye kiigizaji cha thamani mahususi (concrete simulator, ambapo kila saa ina thamani moja), jaribu kuchelewa vizio 7. Kikikubali, umepata jibu.

Kinyume chake nacho kipo: hali ina x<=5, mshale unadai x>=6. Muda unafika 5 na kugota. Uliza A[] not deadlock (yaani, mfumo haukwami kamwe), ukiwa umewasha chaguo la njia fupi zaidi ya ushahidi (mfuatano wa hatua unaofika kwenye mkwamo), kisha ipakie njia hiyo kwenye kiigizaji uifuate hatua kwa hatua. (Hali ya mwisho iliyokusudiwa, isiyo na mshale wa kutoka, nayo itahesabiwa mkwamo.)

Kibaya zaidi ni mzunguko unaozunguka bila kikomo huku muda ukibaki palepale, maana swali hilo la mkwamo haliunasi. Kinga yake: kila mzunguko uwe na saa inayorudishwa 0 na mahali fulani penye sharti kama x>=1.

Kuhusu vizio, UPPAAL hulinganisha saa na namba kamili. Ukiwa na mikrosekunde 250 na sekunde 2, kizio kiwe mikrosekunde 250, na sekunde 2 ziwe 8000. Pengo kubwa namna hiyo mara nyingi huzalisha hali nyingi mno wakati wa uhakiki; kama sekunde 2 hazigusi sifa unayoichunguza, zipunguze.